Waliobaki, Waliohama na Waliokuja: Ayalandi kwa Mizani ya Sensa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya uchumi na ya idadi ya watu katika nchi moja ndogo ya Ulaya, nami nimeichagua Ayalandi. Nimeichagua kwa sababu jina lake halikosekani katika mijadala yetu ya uwekezaji hapa Afrika Mashariki: tunaambiwa ilikuwa nchi maskini, ikapunguza kodi ya makampuni, wawekezaji wakamiminika, ikatajirika. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni mafupi mno, na ufupi wake unaficha jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine yote. Kwa zaidi ya karne moja Ayalandi ilishindwa kuwapa vijana wake sababu ya kubaki nyumbani. Hoja yangu leo ni kwamba uchumi wa nchi ya namna hiyo hupimwa vizuri zaidi kwa sensa kuliko kwa pato la taifa, na kwamba anayetaka kujua ni lini Ayalandi ilifanikiwa, ni lini ilijikwaa, na kama leo imesimama imara, aanze kwa kuuliza watu wake wenye umri wa miaka 20 hadi 35 wako wapi.

Tuanze na takwimu zenyewe, kwa maana ni nzito. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa kizima. Katika kaunti 26 ambazo leo ndizo Jamhuri ya Ayalandi, yaani tukiiweka kando Ayalandi Kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, walikuwako watu milioni 6.5. Sensa ya mwaka 1961 ilikuta watu milioni 2.8 tu katika eneo hilohilo. Katika miaka hiyo 120 Uingereza, Italia na Uholanzi ziliongeza watu wao maradufu na zaidi, ilhali Ayalandi ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake.

Chanzo kinachotajwa daima ni Njaa Kuu, na ni haki kitajwe. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi, ukarudi tena na tena katika misimu iliyofuata. Wakulima wadogo, waliokodi vipande vya ardhi kutoka kwa makabaila, walikuwa wakiishi kwa zao hilo karibu peke yake, kwa kuwa ndilo lililoweza kulisha nyumba nzima kutoka katika shamba dogo. Nafaka na mifugo vilikwenda kulipia kodi ya ardhi, na viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza hata watu walipokuwa wakifa. Takribani watu milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo, na wengine zaidi ya milioni 1 walikimbilia ng'ambo. Nchi ilikuwa ikitawaliwa kutoka London, na namna serikali hiyo ilivyosita kuwasaidia wenye njaa ni doa ambalo Waayalandi hawajalisahau hadi leo.

Hata hivyo, Njaa Kuu peke yake haielezi yaliyotokea. Mwaka 1851, ilipokuwa ikifikia ukingoni, kaunti zile 26 bado zilikuwa na watu milioni 5.1. Waliobaki baadaye walikula vizuri kuliko wazazi wao, mishahara ikapanda, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao walikuwa wamekwisha kuinunua ardhi waliyokuwa wakiikodi. Nchi ilikuwa ikiendelea, na wakati huohuo ilikuwa ikipungua. Huu ndio ugumu wa historia ya Ayalandi, nami naomba tukae nao kidogo.

Jibu liko katika urithi wa shamba. Kabla ya njaa, baba aliwagawia wanawe wote, na kila kipande kikagawanywa tena katika kizazi kilichofuata. Baada ya njaa, familia zilijifunza somo kali: shamba lisigawanywe kamwe. Mwana mmoja alirithi, binti mmoja akatolewa mahari na wazazi wake mwenyewe ili aolewe na mrithi wa shamba la jirani, na wengine wote, wawe wanne au wawe saba, walikuwa na njia mbili, ama kuhama au kubaki pale bila kuoa wala kuolewa, wakiwa vibarua wa ndugu yao. Hata mrithi mwenyewe alingoja hadi wazee wakubali kumwachia shamba, na mara nyingi alikuwa amekwisha kupita miaka 35 alipooa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 zaidi ya robo ya wanaume wenye umri wa miaka 45 hadi 54 hawakuwa wameoa kabisa, jambo ambalo lilikuwa nadra katika Ulaya ya wakati ule. Waliooa, lakini, walizaa watoto wengi. Kwa hiyo nchi ilikuwa na ndoa chache, familia kubwa, na mazao yake makubwa kuliko yote yakawa vijana wa kwenda ng'ambo.

Fomu za sensa ya mwaka 1911 zimehifadhiwa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti bila malipo, zikiwa na mwandiko wa wenye nyumba wenyewe. Nawasihi wanafunzi wa takwimu mzitazame. Kila mke aliyeolewa alitakiwa kuandika amekaa katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto hai wangapi, na wangapi kati yao wangali hai. Kisha juu ya karatasi hiyohiyo yameorodheshwa majina ya waliolala katika nyumba ile usiku wa sensa. Katika kaunti za magharibi utakuta fomu baada ya fomu ambazo idadi ya watoto walio hai ni kubwa kuliko majina ya watoto waliomo. Hakuna aliyeulizwa waliosalia wako wapi, na fomu haina nafasi ya kujibu. Wengi wao walikuwa Boston, New York, Liverpool na Glasgow. Karatasi hiyo moja inaeleza zaidi kuliko jedwali zima la mauzo ya nje.

Kijana alipokuwa anaondoka kwenda Marekani, majirani walikusanyika nyumbani kwao usiku wa mwisho, wakala, wakaimba, wakalia hadi alfajiri, kama walivyokesha penye msiba, kwa kuwa wazazi walijua kwamba huenda hawatamwona tena. Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua yenye fedha. Fedha hiyo ililipa deni la dukani, ikalipa kodi ya shamba, na mara nyingi ikamkatia tiketi ndugu anayefuata. Tunaoishi katika nchi ambazo fedha kutoka kwa ndugu walio ng'ambo sasa ni nguzo ya uchumi tunapaswa kulitazama jambo hilo kwa makini: fedha zile ziliokoa nyumba nyingi, na wakati huohuo zilikuwa nauli iliyozidi kuzipunguza nyumba hizo. Kuna upekee mwingine. Katika nchi nyingi za Ulaya waliohama zaidi walikuwa wanaume. Ayalandi iliwatoa wanawake karibu sawa na wanaume, wengi wakiwa mabinti wasioolewa waliosafiri peke yao kwenda kufanya kazi za nyumbani, na baadaye za uuguzi.

Uhuru ulipatikana mwaka 1922, na wengi waliamini kwamba kuhama kulikuwa matokeo ya kutawaliwa tu, kwa hiyo kungekwisha wenyewe. Hakukwisha. (Mwaka huohuo, katika mapigano ya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa mjini Dublin liliteketea, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za sensa za tangu 1821 hadi 1851 ikaungua. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jeraha.) Kuanzia mwaka 1932 serikali ya Éamon de Valera ilijenga ukuta wa ushuru kuvilinda viwanda vya ndani, na sheria ikawazuia wageni kumiliki viwanda hivyo. Nia ilikuwa njema, na kwa miaka michache ajira za viwandani ziliongezeka. Lakini soko la watu chini ya milioni 3, wengi wao wakulima wenye kipato kidogo, halikuweza kukikuza kiwanda chochote kikafika mbali. Mwaka 1948 serikali iliunda tume ya kuchunguza tatizo la kuhama. Wakati tume ikiandika, watu walizidi kuondoka.

Kati ya mwaka 1951 na 1961 walioondoka walizidi walioingia kwa zaidi ya watu 400,000, kutoka katika nchi ya watu wasiofika milioni 3. Ulaya ilikuwa inajijenga upya baada ya vita, Uingereza ilikuwa na njaa ya vibarua wa ujenzi na wauguzi, na meli ya kutoka Dún Laoghaire kwenda Holyhead ilijaa kila usiku. Walikuwako watu wenye madaraka walioona kwamba kuhama kunapunguza msongo: wasio na kazi wanaondoka, wanatuma fedha, na waliobaki hawaandamani. Nadhani fikra hiyo iliidhuru Ayalandi kuliko ushuru wowote. Serikali isiyowaona wasio na kazi kwa sababu wako kwenye meli haisumbuki kuwatafutia kazi.

Sehemu ya uhamaji huo wa miaka mingi ilitufikia hapa kwetu. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ayalandi walianzisha shule ya St. Mary's jijini Nairobi mwaka 1939. Na Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's, ndiye aliyemlea David Rudisha na wanariadha wengine wengi. Tumezoea kuwaona kama watu wa dini tu, na wito wao siutilii shaka. Lakini mtu wa takwimu huona pia kwamba walitoka katika familia kubwa za nchi ambayo haikuwa na nafasi kwa kila mtoto. Leo familia hizo zina watoto wawili, seminari za Ayalandi zimebaki karibu tupu, na kuna parokia za huko zinazohudumiwa na mapadri kutoka Afrika.

Mageuzi yalianza mwaka 1958. Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, T. K. Whitaker, aliyeshika cheo hicho akiwa na umri wa miaka 39, aliongoza kikundi kidogo cha watumishi wa umma kuandika waraka wa kurasa nyingi uliosema waziwazi kwamba sera ya kujifungia imeshindwa, na kwamba nchi ikiendelea hivyo itakwisha watu. Mwaka uliofuata Seán Lemass, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekuwa waziri wa kuujenga ule ukuta wa ushuru, akawa waziri mkuu na kuanza kuubomoa. Namheshimu sana kwa hilo. Mwaka huohuo wa 1959 eneo huru la viwanda lilifunguliwa Shannon, kando ya uwanja wa ndege uliohofiwa kwamba utakufa kwa kuwa ndege mpya za jeti hazingehitaji tena kutua pale kujaza mafuta. Eneo hilo linatajwa sana kama mwanzo wa maeneo huru ya kisasa, na kile tunachokiita EPZ pale Athi River ni kizazi chake. Ayalandi ilisamehe kodi ya faida kwa bidhaa zinazouzwa nje, ikasaini mkataba wa biashara huru na Uingereza mwaka 1965, na tarehe 1 Januari 1973 ikajiunga na Jumuiya ya Ulaya.

Wanaoisifu kodi ndogo huishia hapo, na ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 1966 waziri wa elimu, Donogh O'Malley, alitangaza kwamba elimu ya sekondari itakuwa bure, pamoja na mabasi ya kuwachukua watoto wa vijijini, akitangaza kabla Wizara ya Fedha haijakubali. Mpango ulianza mwaka 1967. Hadi wakati huo mtoto wa mkulima mdogo aliacha shule akiwa na miaka 13 au 14, akaenda Uingereza kubeba matofali. Mtoto aliyeingia sekondari mwaka 1967 alimaliza chuo katikati ya miaka ya 1970, na wadogo zake ndio waliojaza maabara za dawa na viwanda vya kompyuta miaka ya 1980 na 1990. Kampuni za Marekani zilivutwa na kodi, ni kweli, lakini zilibaki kwa sababu zilikuta wahandisi na wakemia wanaosema Kiingereza, ndani ya soko la Ulaya. Nchi nyingi zimepunguza kodi na hazikupata hayo.

Sensa ilianza kuitikia. Baada ya mwaka 1961 idadi ikaanza kupanda, na katika miaka ya 1970, kwa mara ya kwanza tangu kumbukumbu za kuaminika zilipoanza, walioingia nchini walizidi walioondoka. Wengi wao walikuwa Waayalandi waliorudi kutoka Uingereza wakiwa na wenzi na watoto. Mwaka 1973 ilifutwa pia ile kanuni iliyomlazimu mwanamke mtumishi wa serikali kuacha kazi siku anapoolewa. Nasikitika kwamba jambo hilo hutajwa kwa nadra katika hotuba za uchumi, kwa maana kurejea kwa wanawake kazini kulichangia ukuaji wa miaka ya 1990 kwa kiasi kisichopungua kile cha kodi ndogo.

Njia haikunyooka. Serikali za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikopa kupita kiasi, riba za dunia zikapanda, na kufikia mwaka 1987 deni la taifa lilizidi pato zima la mwaka huku takribani watu 17 kati ya kila 100 wa nguvu kazi wakikosa ajira. Katika mwaka mmoja ulioishia Aprili 1989 watu wapatao 70,000 waliondoka. Safari hii hawakuwa vibarua. Walikuwa na shahada. Wazazi waliojinyima ili watoto wasome waliwasindikiza uwanja wa ndege, na kulikuwa na uchungu wa aina mpya, kwamba hata elimu ilikuwa imegeuka kuwa tiketi.

Kilichofuata kimeandikwa sana, nitapita upesi. Mwaka 1987 serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri walikubaliana juu ya mishahara na kodi. Intel ilichagua Leixlip, karibu na Dublin, mwaka 1989. Soko la pamoja la Ulaya lilikamilika mwaka 1993, fedha za Ulaya zikajenga barabara na vyuo, na kodi ya makampuni hatimaye ikawekwa asilimia 12.5 kwa biashara zote mwaka 2003. Ninachotaka mkione ni umri. Idadi ya watoto wanaozaliwa Ayalandi ilifikia kilele cha wakati ule mwaka 1980, walipozaliwa watoto 74,000, kisha ikashuka haraka hadi takribani 48,000 mwaka 1994. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 nchi ilikuwa na vijana wengi walioelimika, wazee wachache kwa kuwa wenzao walikuwa wamehama zamani, na watoto wachache wa kulea. Fursa ya namna hiyo huja mara moja. Ayalandi iliipata ikiwa na kazi za kuwapa, na kati ya mwaka 1991 na 2006 idadi ya watu iliruka kutoka milioni 3.5 hadi milioni 4.2.

Mwaka 2004 nchi kumi zilijiunga na Umoja wa Ulaya, na Ayalandi ikawa miongoni mwa nchi tatu tu zilizofungua soko lao la ajira mara moja, pamoja na Uingereza na Sweden. Wapolandi walikuja kwa makumi ya maelfu. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya 122,000. Nchi iliyokuwa imezoea kutoa watu ikajikuta inapokea, na ilifanya hivyo kwa utulivu kuliko nilivyotarajia, ingawa mwaka huohuo wa 2004 wapiga kura walibadilisha katiba ili mtoto anayezaliwa nchini asipate uraia moja kwa moja wazazi wake wakiwa wageni.

Kisha likaja anguko, na ningependa tulitazame kutoka Leitrim, kaunti ndogo ya kaskazini-magharibi. Mwaka 1841 Leitrim ilikuwa na watu 155,000. Mwaka 1996 walibaki 25,000. Huko vijiji viwili au vitatu huunganisha timu zao za mpira wa Kiayalandi kwa kuwa hakuna kijiji chenye vijana wa kutosha timu moja. Mwaka 1998 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa wanaojenga nyumba katika eneo hilo, ikidhani kwamba nyumba zitawarudisha watu. Wawekezaji wa mijini walijenga kwa ajili ya nafuu, bila kujali ni nani atakayeishi humo. Benki ziliwakopesha kila walichotaka. Mwaka 2008 bei ziliporomoka, na mwaka 2010 ukaguzi wa nchi nzima ulikuta mitaa zaidi ya 2,800 ya nyumba ambazo hazijamalizika, na kwa ukubwa wa idadi ya watu wake Leitrim ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika vibaya zaidi: nyumba mpya za vyumba vinne zikitazama barabara za udongo, taa za mtaani zisizo na umeme, majani yakimea ndani ya sebule. Hapo ndipo sera ilipojenga kwa kufuata mzunguko wa fedha na kuisahau sensa.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 serikali ilizidhamini benki zote kubwa za nchi, na kuziokoa kuligharimu takribani yuro bilioni 64. Mwishoni mwa mwaka 2010 nchi ililazimika kuomba mkopo wa dharura wa yuro bilioni 85, zikiwamo fedha zake yenyewe za akiba. Ukosefu wa ajira ulipita asilimia 15 mwaka 2012. Vijana wakaenda Australia na Kanada, na majukwaa ya uwanja wa ndege wa Dublin yakaona tena machozi ya 1989. Mwaka 2023 timu ya mpira wa Kiayalandi ya New York, ya wahamiaji na watoto wa wahamiaji, iliitoa Leitrim kwa penalti katika mashindano ya mkoa wa Connacht, pale Bronx. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa New York katika historia ya mashindano hayo.

Sasa nifike kwenye pato la taifa. Julai 2016 ofisi ya takwimu ilitangaza kwamba uchumi wa Ayalandi ulikua kwa asilimia 26 katika mwaka 2015. Hakuna kiwanda kilichojengwa wala mshahara uliopanda kwa kiasi hicho. Kampuni chache za kimataifa zilihamishia Ayalandi umiliki wa hataza (haki za uvumbuzi) na programu zao, kwa sababu za kodi, na ndege za kukodisha zikaandikishwa humo. Ni sawa na mwenye duka anayehesabu amana alizowekewa na majirani kuwa faida yake. Kwa heshima ya wataalamu wa Ayalandi, hawakufurahia takwimu hiyo. Kamati iliyoongozwa na gavana wa benki kuu, Philip Lane, ilipendekeza kipimo kingine cha pato kinachoondoa hesabu hizo, na kwa kipimo hicho ukubwa wa uchumi ni zaidi kidogo ya nusu ya ule unaotangazwa duniani. Anayesimama mbele yetu akisema Waayalandi ni matajiri kuliko Wajerumani maradufu anasoma kipimo ambacho wenyewe hawakitumii kupanga bajeti yao.

Utajiri uliopo ni wa kweli, lakini umesimama juu ya miguu michache. Makampuni kumi hulipa zaidi ya nusu ya kodi yote ya makampuni. Tangu Januari 2024 makundi makubwa hulipa asilimia 15 kufuatana na makubaliano ya kimataifa, na Septemba 2024 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Apple iilipe Ayalandi yuro bilioni 13 za kodi ya nyuma, fedha ambazo serikali yenyewe ilikuwa imepinga mahakamani kuzipokea. Nchi sasa ina ziada ya bajeti na imeanzisha mfuko wa akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ni uamuzi wa busara.

Sensa ya Aprili 2022 ilihesabu watu milioni 5.15, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1851 kwa idadi hiyo kuzidi milioni 5. Mmoja kati ya kila watano alizaliwa nje ya nchi. Hospitali zinategemea wauguzi kutoka India na Ufilipino, na tangu vita vya Ukraine vianze zaidi ya Waukraine 100,000 wamepokelewa. Wapo wanaopinga, na Novemba 2023 ghasia za chuki dhidi ya wageni zilitikisa katikati ya Dublin. Wanasiasa wa mitaani huwatupia wageni lawama za nyumba kukosekana, lakini ujenzi ulikufa mwaka 2008 na haukufufuliwa kwa wakati. Nchi iliyokuwa imejenga pasipo watu ikaacha kujenga pale watu walipo. Sensa hiyohiyo ilikuta zaidi ya watu wazima 500,000 wakiishi kwa wazazi wao, na si wanafunzi tu. Wamo walimu, wauguzi na mafundi wenye kazi za kudumu, ambao kodi ya pango mjini Dublin inameza mshahara wao.

Na hapa swali langu la mwanzo linakuwa zito. Katika mwaka ulioishia Aprili 2024 waliingia watu wapatao 149,000 na wakaondoka wapatao 70,000, zaidi ya 10,000 kati yao wakienda Australia. Nchi ina ajira tele, hazina imejaa, na bado vijana wanapanda ndege. Uzazi umeshuka hadi takribani watoto 1.5 kwa kila mwanamke, na umri wa wastani umepanda kutoka miaka 37.4 mwaka 2016 hadi 38.8 mwaka 2022. Mtu asiye na chumba chake mwenyewe huahirisha ndoa na mtoto, kama alivyoahirisha yule mrithi wa shamba aliyengoja wazee wamwachie.

Wako wanaonijibu kwamba kuhama kwa leo ni matembezi ya ujana, kwamba kijana huondoka akiwa na miaka 25 na kurudi akiwa na 33 pamoja na mwenzi na ujuzi. Kwa waliohama miaka ya 1980 ilikuwa hivyo kwa wengi wao, na kurudi kwao kuliujenga uchumi wa miaka ya 1990. Lakini wale walirudi katika nchi ambayo mwalimu na polisi waliweza kununua nyumba. Sensa ijayo imepangwa kufanyika mwaka 2027. Takwimu zake zitakapotoka, nitaziacha kando kwanza jumla na asilimia za ukuaji, nitafungua jedwali la waliozaliwa nchini kati ya mwaka 1992 na 2000, na kulinganisha idadi yao na ile ya mwaka 2022. Kama waliokuwa Sydney na Toronto watakuwa wameanza kurudi, nitasema Ayalandi imeshinda. Kama pengo litakuwa limepanuka, hakuna ziada ya bajeti itakayonishawishi vinginevyo.

Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa muda wenu, na niko tayari kupokea maswali.